Wasifu Uliopendwa na Waziri

Walisema wasemao, nasi tukaamini kama tulivyoagizwa, kwamba katika Jamhuri ya Tumesikia hapakuwa na mtu asiye na kazi. Walikuwapo tu watu ambao kazi zao zilikuwa hazijawaona. Kauli hiyo ilitolewa na Mheshimiwa Shangwe Ngondo, Waziri wa Kazi, Matumaini na Uvumilivu, siku alipofungua jengo jipya la wizara yake. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wamekwisha kuanza.

Chande Makolela alikuwa mmoja wa hao ambao kazi zao zilikuwa na uoni hafifu. Alisomea ujenzi wa madaraja katika chuo cha serikali, akafaulu vizuri hata mama yake, Bi Somoe, akamchinja jogoo pekee aliyekuwa naye. Tangu siku ile Bi Somoe akawa anachelewa kuamka, na Chande akawa anachelewa kuajiriwa. Alipeleka wasifu wake, au sivii kama walivyoiita mtaani, kila palipokuwa na mlango. Palipokosekana mlango alimwachia mlinzi getini. Mlinzi alipokosekana alichomeka kwenye matundu ya ukuta na kuondoka akiomba Mungu.

Jioni moja alinunua karanga sokoni, akazikuta zimefungwa kwa ukurasa wa pili wa wasifu wake mwenyewe, ule wenye alama zake za hesabu.

"Angalau imewafikia wananchi," alisema Mwajabu, akachukua karanga moja.

Mwajabu alikuwa jirani yao, mkunga mwenye cheti, naye hana kazi. Wanawake wa mtaa ule walijifungulia sakafuni, lakini hospitali kuu ilikwisha kueleza kwamba haina upungufu wa wakunga, ina wingi wa wajawazito. Yeye na Chande walikuwa wamekubaliana kuoana pindi mmoja wao atakapopata kazi, yeyote atakayetangulia. Bi Somoe hakuweza kusubiri mambo ya serikali. Alikuwa ameshaanza kumwita mkwe.

*

Malalamiko yalipozidi, Wizara ilifanya uchunguzi na kugundua tatizo: wananchi hawajui kuandika wasifu. Ikafunguliwa Kliniki ya Wasifu, na kuhudhuria ikawa lazima. Mganga wake alikuwa Bwana Nasibu, Mshauri Mwandamizi wa Kuonekana, shemeji yake Waziri. Yeye mwenyewe hakuwahi kuandika wasifu hata mmoja. Alipoulizwa, alijibu kwamba si lazima daktari augue.

"Mwajiri ni mtu mwenye shughuli," aliwaambia watu waliojaa ukumbini. "Wasifu wako atautazama kwa muda wa kupiga chafya. Swali ni hili: katika chafya hiyo, wewe ni nani?"

Hapakuwa na aliyejua yeye ni nani katika chafya.

Bwana Nasibu akauchukua wasifu wa Chande, akaunyanyua kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Hapa pana shimo. Umemaliza chuo, halafu kimya. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Nilikuwa namuuguza baba."

"Akapona?"

"Akafariki."

Uso wa Bwana Nasibu ukachanua. "Safi kabisa! Andika: Msimamizi wa Mradi wa Afya ya Kaya, niliyeusimamia hadi ukafikia tamati."

Chande aliishika kalamu asiandike. Alimkumbuka baba yake, jinsi alivyokuwa akiomba radhi kila alipogeuzwa kitandani, kana kwamba uzito wa mifupa ile ulikuwa ufedhuli. Kisha akamkumbuka mama yake, ambaye siku hizi alikuwa akisema ameshiba kabla chakula hakijaiva. Akaandika.

"Na wewe binti?"

"Nimezalisha watoto wengi mtaani kwetu," alisema Mwajabu. "Bure."

"Bure usiitaje! Anayefanya kazi bure ni mtu asiyehitaji mshahara. Andika: Nimeliongezea taifa wateja."

Mwajabu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakiwa njiani kurudi nyumbani kicheko kilikoma, lakini machozi hayakukoma, na Chande akajifanya anatazama mbele.

*

Basi ikafika siku ya Waziri kuzindua kampeni ya taifa, jina lake Onekana. Televisheni zote mbili za nchi zilikuwapo, ya serikali na ile ya binafsi ya serikali. Mambo yakiwa tayari, Waziri akagundua kwamba hana wasifu wa kuinua juu wakati wa kusema "Huu hapa!" Wasaidizi wakakimbilia ghala la chini zilikohifadhiwa sivii za wananchi. Wakarudi na vumbi. Zilikuwa zimeliwa na mchwa, ambao katika historia ya Wizara ndio pekee waliowahi kuzipitia zote.

Wasifu mmoja tu ulikuwa mzima, nao ulikuwa mezani kwa Waziri mwenyewe, chini ya kikombe chake cha chai. Mhudumu aliuweka pale ili kuilinda meza. Waziri akauchomoa, akauinua mbele ya kamera.

"Huu hapa! Tazameni mpangilio! Tazameni maneno! Mradi wa Afya ya Kaya hadi tamati! Hivi ndivyo mwananchi anavyojieleza kwa taifa lake!"

Bi Somoe alikuwa akitazama kwa jirani, na aliitambua karatasi ile kwa namna Chande alivyochora daraja dogo pembeni. Akatoka nje bila viatu.

"Mwanangu kaonekana! Jamani, mwanangu kaonekana na Serikali!"

Na kweli wasifu ulionekana wote, isipokuwa jina, maana dole gumba la Mheshimiwa lilikuwa nene kama hadhi yake.

Kesho yake ikatoka amri. Wasifu ule ulitangazwa kuwa Wasifu wa Taifa, na kila mtafuta kazi alitakiwa kuunakili neno kwa neno, pamoja na daraja dogo pembeni na lile duara la chai lililobaki pembe ya juu. Wauza chai waliokuwa karibu na Wizara wakatajirika. Watu walifika na karatasi zao, wakanunua kikombe, wakaweka mhuri, wakaondoka bila kunywa.

"Mimi ni mkunga, Chande," alisema Mwajabu, akinakili mezani kwa Bi Somoe. "Hapa nimejiandika bingwa wa madaraja. Wakiniajiri, nitayazalisha wapi?"

"Andika tu. Mimi wataniita. Wakishaniita, nitawaeleza habari zako."

"Watakuitaje, na jina hawakuliona?"

"Nitakwenda mwenyewe. Kwani ni uongo? Ni wangu."

*

Akaenda. Foleni ilianzia ndani ya Wizara, ikazunguka jengo, ikavuka barabara na kuingia makaburini, ambako waliochoka walipata mahali pa kuketi. Alipofika dirishani, karani, mwanamama mwenye miwani ya kamba, hakuinua kichwa.

"Jina?"

"Chande Makolela."

"Wewe ni Chande wa ngapi leo?"

Chande akadhani hakusikia vizuri. Karani akamwonyesha rundo. Watu wengi, kwa kuiogopa amri ya neno kwa neno, walikuwa wamenakili mpaka jina, hilo lililosomeka vizuri kwenye nakala za kwanza zilizobandikwa ukutani, kabla Wizara haijalifuta. Palikuwa na akina Chande wanaume, akina Chande wanawake, na Chande mmoja aliyekuwa padri.

"Lakini mimi ndiye mwenyewe, mama. Aliyeuguzwa ni baba yangu. Daraja hili nililichora kwa mkono huu."

"Wote mnasema hivyo. Asubuhi kuna Chande amelia hapa mpaka akazirai." Akaupokea wasifu wake, akaukagua mbele na nyuma, kisha akaurudisha. "Huu haufai."

"Haufai kwa nini?"

"Hauna duara la chai."

"Mama, ule wa asili niliuandika mimi! Duara ni la kikombe cha Waziri!"

Karani akamtazama kwa mara ya kwanza, akasikitika kikweli. "Kijana, una bidii. Tatizo lako hujui kufuata mfano. Anayefuata!"

*

Nafasi ya kazi ilikuwapo, tusije tukaionea Serikali. Mto Mbwiji ulikuwa unahitaji daraja, na Waziri akatangaza kwamba litajengwa na kijana mzalendo atakayepatikana kwa ushindani wa haki. Wote waliwasilisha wasifu uleule, basi kamati haikuwa na njia ya kutofautisha ila kwa tabia, na tabia ya mtu huijua zaidi wa kwao. Akateuliwa Bwana Zidikheri, mpwa wa Waziri, aliyekuwa ng'ambo akisomea kupokea wageni hotelini.

Chande aliomba kibarua cha kubeba kokoto, akakipata, kwa sababu kubeba kokoto hakukuhitaji sivii. Kwa siku chache alibeba na kunyamaza. Kisha akaona yale aliyoyaona, akavua kofia, akaenda kwenye hema la mhandisi.

Bwana Zidikheri hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamkaribisha soda. Mezani pake ulikuwapo wasifu wake, kwenye fremu ya kioo.

"Bosi, nguzo za katikati hazijafika kwenye mwamba. Zimesimamishwa kwenye tope."

"Zimesimama au hazijasimama?"

"Zimesimama, lakini..."

"Basi." Zidikheri akatabasamu. "Na hilo zege, ni ule uji wa kijivu, siyo? Mjomba amesema tupunguze, tuongeze rangi. Daraja litapigwa picha."

"Bosi, watu wakipita kwa wingi litakwenda. Nimesomea haya."

Zidikheri akauvuta wasifu wake, akausoma taratibu, mdomo ukifuatisha maneno. Uso wake ukajaa mshangao wa kweli.

"Hata mimi nimesomea. Hebu ona: ubora wa udongo, nguvu za mkondo, hesabu za uzito... Lo! Sikujua kwamba nimesoma kiasi hiki." Akairudisha fremu mahali pake. "Sasa ndugu yangu, nimsikilize nani? Wewe mbeba kokoto, au huyu?"

Chande aliutazama mstari wa Mradi wa Afya ya Kaya, akaona kioo kimepanguswa vizuri. Alifukuzwa siku hiyohiyo, kwa upole, soda yake akaruhusiwa kuondoka nayo.

*

Siku ya ufunguzi ilitangazwa kuwa Siku ya Kuonekana. Watafuta kazi wote wa Mji Mkuu waliagizwa wafike mtoni wamevaa nyeupe, kila mmoja na bahasha yake. Waajiri, ilitangazwa, wangewasubiri ng'ambo ya pili na kupokea sivii mkono kwa mkono. Watu walianza kumiminika alfajiri. Wengine walikuwa wamepiga pasi mpaka bahasha.

Waziri alikata utepe, akarudi nyuma mpaka kwenye jukwaa lililokuwa mbali na maji.

"Sisi viongozi hatutatangulia," alisema kwenye kipaza sauti. "Kiongozi mwema huwaachia wananchi wapite kwanza!"

Bendi ya polisi ikaanza kupiga.

Chande alimkuta Mwajabu kwenye mstari, karibu na mbele. Alikuwa ameazima kanga nyeupe ya Bi Somoe na kujifunga kichwani. Chande akamshika mkono.

"Toka humu. Nakuomba. Litaanguka."

"Sema polepole, watakukamata."

"Nguzo hazina kitu chini, Mwajabu. Nimeziona kwa macho yangu."

Mwajabu akatazama ng'ambo. Meza ilionekana kule, na nyuma yake watu wenye suti.

"Umeiona ile meza? Tangu nimalize chuo sijawahi kuona meza ya kazi yenye mtu nyuma yake."

"Twende nyumbani. Tuoane hivihivi. Tutakula hivihivi."

"Tutakula nini, Chande? Mama yako anadhani hatujui kwamba halali na njaa kwa kupenda." Akautoa mkono wake taratibu, akamrekebishia ukosi wa shati. "Miaka yote hii nimetembea juu ya vitu visivyo na nguzo. Nitapita haraka. Wewe zunguka kwa mtumbwi, tukutane kule. Nikipata mimi kwanza, mahari utalipa wewe vilevile, usidhani."

Mstari ukasogea, naye akasogea nao.

Chande alikimbilia jukwaani akipaza sauti. Hakufika. Askari mmoja alimdaka, akamkalisha chini, akamweleza kwamba kutia watu wasiwasi ni kosa la jinai, na kwamba kama ana hoja aiandike. Kutoka pale chini aliona migongo myeupe ikijaa daraja mwanzo hadi mwisho, bahasha zimeinuliwa juu ili kamera zizione.

Daraja halikuvunjika kwa kishindo. Lilikaa chini katikati, kama mzee aliyechoka kusimama, kisha likaondoka na watu. Bendi iliendelea kupiga, kwa kuwa hapakuwa na aliyewaamuru wakome. Waajiri wa ng'ambo wakakunja meza yao.

Redio ilisema usiku kwamba daraja lilishuka kidogo kuwasalimia wananchi wa bondeni, na kwamba hali ni shwari. Wanawake waliokuwa wakifua kule chini waliokota karatasi siku nzima. Mmoja aliyejua kusoma alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha. Zote zilikuwa mtu mmoja, aliyemsimamia mgonjwa hadi tamati.

Mwajabu alionekana baada ya siku kadhaa, kwenye matete.

*

Bi Somoe alikaa matanga kama aliyefiwa na mtoto wa kuzaa. Aligeuza redio ikatazama ukuta, akakataa habari zote za dunia. Kwa hiyo hakusikia kwamba imeundwa Tume, wala kwamba Tume imefanya kazi kwa weledi.

Chande alisikia, dukani kwa Mpemba wa pembeni. Mwenyekiti wa Tume alisoma ripoti kwa sauti nzito. Bwana Zidikheri, alisema, alihojiwa na kuonekana hana hatia hata chembe, kwa kuwa hakujua lolote kuhusu madaraja, na mtu hawezi kukosea jambo asilolijua. Yeye alitegemea wasifu. Ujuzi uliolijenga daraja ulikuwa ndani ya wasifu, na ujuzi una mwenyewe. Zidikheri ni mwathirika, naye atapelekwa ubalozini apumzike. Kuhusu huyo mwenye wasifu, Tume ilipekua nakala zote za nchi nzima na kuupata ule wa asili, wenye jina, anwani na sahihi yake. Haikuwa na shaka yoyote.

Mwenye duka alipunguza sauti ya redio. Hakumtazama Chande. Alimfungia sukari yake, akamwambia aende nayo, watahesabiana siku nyingine.

Gari la Serikali lilifika asubuhi iliyofuata, jeusi, linang'aa, na watoto wote wa mtaa nyuma yake. Akashuka bwana mmoja mwenye suti, mpole, akaivua kofia mlangoni.

"Hodi. Samahani mama. Ni hapa kwa Mhandisi Chande Makolela?"

Bi Somoe akashika kizingiti. Hakuna mtu aliyewahi kumwita mwanawe Mhandisi, hata yeye mwenyewe alikuwa akiogopa asimtie mkosi.

"Ni hapa," alisema. "Ni hapa, baba. Mnatoka wapi?"

"Serikalini, mama. Tumemtafuta sana. Wasifu wake umeonekana."

Bi Somoe akainama, akaweka viganja usoni, akalia kilio cha namna nyingine kabisa na kile cha siku zote za matanga. Kisha akainuka, akakimbia chumbani, akatoka na shati la marehemu mumewe na pasi ya mkaa. Walimsubiri. Walikuwa na adabu. Akalinyoosha akisema peke yake, "Mkwe wangu, ungengoja kidogo tu. Ungengoja kidogo tu, mama."

Chande alisimama katikati ya chumba. Kupitia mlangoni aliona kiti cha nyuma cha gari, na juu yake gazeti lililofunika kitu cha chuma. Akatazama mama yake anavyopuliza mkaa. Alikuwa hajala siku ngapi sijui, lakini uso wake ulikuwa wa msichana.

Akamsogelea yule bwana, akasema chini kwa chini, "Naomba msinifunge mpaka tupite kona."

Bwana yule akatafakari. "Utaratibu haukatazi," alijibu.

Bi Somoe akamvalisha shati mwenyewe, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akamsindikiza mpaka garini. Majirani walikuwa wamejaa. Akapiga vigelegele, wanawake wakapokea, kukawa sherehe ndani ya matanga, jambo ambalo mtaa ule haukuwahi kuliona. Gari lilipowashwa akaingiza kichwa dirishani, akamshika mwanawe shavu.

"Sikiliza mwanangu. Wewe mbishi kama baba yako. Huko usiende kubishana na wakubwa. Chochote watakachokuuliza, kubali. Umesikia? Kubali tu."

"Nimesikia, mama."

Gari likaondoka taratibu, maana watoto walikuwa wakilikimbilia. Lilipopita kona, Chande aliondoa gazeti mwenyewe, akanyoosha mikono.